Sanduku la Bibi Harusi Anayevuka Bahari: Cha Kubeba, Cha Kutuma na Cha Kumwachia Mama

Mila ya Lamu haikumwandalia binti mzigo wa kwenda mbali. Mzazi mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimpandishia ghorofa juu ya yake, na pengine akaziunganisha nyumba mbili kwa wikio juu ya njia ili mama na mwana wapitiane bila kutoka nje. Mume ndiye aliyekuja na sanduku lake. Siku hizi msichana wa Mkomani au Langoni anaposwa na mtu wa Muscat au London, wa Malindi anakwenda Milano au Hamburg, na nyumbani hakuna bibi wala khala aliyewahi kufunga mzigo wa namna hiyo. Somo, yaani kungwi wake, atamfundisha mengine yote, lakini hawezi kumwambia kama sufuria zake zitapata moto kwenye jiko la umeme la Ujerumani.

Rai yangu naisema mapema. Safari ya kwanza nenda na vichache: vilivyo kwa jina lako, vile ambavyo vikipotea havirudi, na vile ambavyo huko haviuzwi. Mzigo mkubwa ufuate baadaye, ukishaiona nyumba na kabati lake kwa macho yako. Wanaofunga kila kitu kwa wiki moja, mashangazi wakiongeza na majirani wakileta, ndio wanaolipa kilo za ziada uwanjani kwa sababu ya masinia.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa viza gani na ndoa inafungwa wapi

Hili ni kabla hujanunua begi. Aliyeolewa hapa kwa nikahi na ndoa ikaandikishwa anakwenda kama mke. Mchumba anayekwenda kuolewa hukohuko ana hukumu nyingine. Viza ya mchumba ya Marekani, K-1, inawapa siku 90 tangu kuingia muwe mmefunga ndoa. Ya Uingereza ni miezi 6, na katika muda huo huruhusiwi kufanya kazi. Tena Mkenya hupimwa kifua kikuu kabla ya kupewa. Ujerumani kwa kawaida humtaka mke aonyeshe Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza, kwa hiyo huenda safari yako ikasubiri mtihani, na hakuna haja ya kufunga mizigo mwezi wa kwanza.

Kwa upande wa mizigo maana yake ni hii: mchumba abebe kama mgeni wa miezi michache. Begi moja la kupakia, moja la mkononi. Ndoa bado haijafungwa, nyumba hujaiona, na watu wa kwao hujakaa nao. Kwenda na begi moja si aibu. Kurudi na saba ni tabu ya mwili na ya roho.

Kwa wanaokwenda Italia, Ujerumani na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni ya Umoja huo namba 1186 ya mwaka 2009, inayohusu misamaha ya ushuru wa forodha, ina kifungu cha bibi harusi kabisa. Mtu anayehamia huko kwa sababu ya kuoa au kuolewa, ikiwa ameishi nje ya Umoja kwa miezi 12 mfululizo, anaweza kuingiza nguo zake za harusi na vyombo vya nyumbani, vipya au vilivyotumika, bila ushuru. Zawadi za harusi alizopewa na watu wa nje ya Ulaya nazo zinaingia, mradi kila moja isizidi thamani ya yuro 1,000. Pombe na tumbaku hazimo. Muda ndio wa kuangalia: mzigo usiingie mapema zaidi ya miezi 2 kabla ya siku ya harusi, wala usichelewe zaidi ya miezi 4 baada yake. Uingereza, ambayo imeshatoka katika Umoja, ina fomu yake iitwayo ToR1, na hiyo huombwa na kujibiwa kabla mzigo haujatumwa. Kwa hiyo tarehe ya harusi ndiyo inayopanga tarehe ya kasha, na wazee waambiwe hivyo mapema wasiigeuze ovyo.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, nguo baadaye

Karatasi hazina uzito lakini ndizo zinazochukua miezi. Unahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), vyeti vya shule na vya kazi, kadi ya chanjo, na leseni ya gari ukiwa nayo. Ukiwa umeolewa, cheti cha ndoa. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014 ndoa za Kiislamu nazo huandikishwa, kwa hiyo karatasi ya kadhi usiiache bila kuifuatilia hadi mwisho. Aliyewahi kuolewa achukue cheti cha talaka, na mjane cheti cha kifo cha marehemu mumewe. Hizi mbili watu huziona haya kuzitaja, na ndizo maofisa wa huko huziulizia kwanza.

Mchumba atatakiwa kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine. Kenya hati hiyo, cheti cha kutokuwa na pingamizi, hutolewa na Msajili wa Ndoa. Italia wao hutaka nulla osta, na Mkenya anayefunga ndoa huko huipata kwenye ubalozi wa Kenya ulioko Roma. Hati za Kenya zinazokwenda kutumika nje hupitishwa kwa kawaida Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kisha ubalozi wa nchi husika, ndipo zikatafsiriwa. Fanya yote hayo ungali hapa. Ukishafika Milano ukakuta muhuri mmoja umekosekana, dada yako ndiye atakayepanda basi kwenda Nairobi badala yako.

Hebu tazama jina lako. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma, kitambulisho Fatma, pasipoti Fatma Ali Omar, na cheti cha KCSE Fatma A. Omari. Kwetu sote ni mtu mmoja, mtoto wa fulani wa mtaa fulani. Kwa karani wa manispaa ya Hamburg hao ni wanawake wanne, na hatafunga ndoa ya yeyote kati yao. Zitandaze karatasi zote juu ya meza, zisome herufi kwa herufi, jina na tarehe. Penye hitilafu tafuta marekebisho, au kiapo mbele ya wakili, kabla ya kuomba viza. Kazi hii ni ya jioni moja.

Asili za karatasi zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie begi la kupakia. Nakala mbili: moja ibaki kwa mama au kaka, nyingine iwe picha safi kwenye simu na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Na pasipoti unaishika wewe. Haiwekwi na mume, wala mama mkwe, wala tajiri wa mtu yeyote. Nasema hivi bila kumshuku bwana harusi. Mume mwema hatakerwa kuona pasipoti ya mkewe iko kwenye droo ya mkewe. Andika pia namba ya ubalozi wa Kenya wa huko unakokwenda. Roma, Berlin, London, Muscat na Abu Dhabi zote zina ubalozi wetu.

Hatua ya 3: Dhahabu, mahari na nauli ya kurudi

Mahari ni yako, na dhahabu uliyopewa ni yako. Swali ni kama iende au ibaki, na hapa watu hawakubaliani. Wapo wanaosema dhahabu ni heshima ya bibi harusi mbele ya wakwe. Mimi nasema nenda na seti moja ya kuvaa na pete yako. Iliyobaki ikae kwa mama au benki mpaka uzoee. Dhahabu ndiyo akiba pekee ambayo haihitaji akaunti wala sahihi ya mtu mwingine, na akiba haiwekwi yote mahali pamoja.

Unayobeba ipige picha kipande kwa kipande, weka risiti za sonara, na uivae au uiweke kwenye mkoba wa mkononi. Begi la kupakia hupita mikono mingi. Pesa taslimu zikifika dola 10,000 za Marekani unapaswa kuzitangaza unapotoka Kenya, na unapoingia Umoja wa Ulaya kiwango ni yuro 10,000. Wengi wetu hatufiki huko. Lakini kila mmoja awe na kiasi cha nauli ya kurudi, kwa jina lake, mahali anapopafikia bila kumuomba mtu.

Hatua ya 4: Mwombe picha za nyumba

Bwana harusi aulizwe mambo ya nyumba kama anavyoulizwa ya mahari. Akutumie picha ya jiko, kabati la nguo, soketi ukutani, na dari ya sebuleni. Atacheka, lakini atatuma.

Jiko ndilo lenye habari. Nyumba nyingi za Ulaya sasa zina jiko la umeme la induction, ambalo halitoi moto. Hupasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku. Sufuria zetu za alumini haziwezi kutumika juu yake hata kidogo, utaziweka na zitakaa baridi. Jaribu hapa nyumbani: chukua sumaku ya mlango wa friji uiweke chini ya sufuria. Ikishika, itapika. Ikianguka, iache. Chuma kizito cha vitumbua hushika, na chuma cha chapati hushika. Ikiwa jiko ni la gesi, kama ilivyo nyumba nyingi za Italia, huna wasiwasi.

Soketi nazo zina hesabu yake. Kenya tunatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu mipana, sawa na Uingereza, Omani na Falme za Kiarabu; ukienda huko, pasi yako inaingia ukutani kama uko kwenu. Italia na Ujerumani umeme unakaribia kuwa sawa, volti 230, ila plagi ni za miguu ya duara, hivyo adapta inatosha. Marekani ni volti 120. Pasi, blenda na kikausha nywele vya Malindi huko havifanyi kazi inavyotakiwa, usivibebe kabisa. Chaja ya simu soma maandishi yake madogo: ikiandikwa 100-240V, inakwenda popote.

Kabati hupima nguo zako kuliko mizani. Nyumba ya vyumba viwili mjini Ulaya haina stoo, haina dari ya kuhifadhia, wala chumba cha ndani cha kurundika masanduku. Na picha ya dari itakuonyesha kile kidude cheupe cha duara kinacholia moshi ukipanda. Nitakirudia kwenye udi.

Hatua ya 5: Nguo

Begi la harusi, lile analoleta upande wa bwana na kufunguliwa mbele ya wanawake kwa vigelegele, lina vitu vingi ambavyo huko hutavaa mara mbili. Viatu vya visigino virefu, magauni ya kumeta, shela. Chagua gauni moja la maana kwa karamu ya wakwe, mengine yasubiri utakapokuja likizo, kwa sababu harusi za kuhudhuria ziko huku.

Leso ni habari nyingine. Leso ni nyepesi, hazikunjiki vibaya, na hazina mbadala: ni taulo, kilemba, shuka ya kulalia mchana, nguo ya jikoni, mbeleko mtoto akija. Chukua doti nyingi kuliko unavyodhani, na usome maandishi kabla ya kununua, maana utaishi na maneno hayo ukutani na kiunoni miaka mingi, na vijembe vya mtaani huko havina wa kuvijibu. Dera mbili tatu za ndani, kwa sababu nyumba zao hupashwa joto wakati wa baridi na ndani utavaa kama uko Lamu. Buibui mbili zinatosha. Anayekwenda Muscat au Dubai atanunua nzuri zaidi hukohuko.

Kuhusu baridi: usimalize pesa Malindi kununua makoti. Tafuta moja zito la mitumba, sweta moja na soksi, vya kushukia ndege tu. Viatu vya barafu na koti la kweli utanunua huko, ukiwa na mtu anayejua baridi ya mji ule. Milano mwezi wa Januari na Napoli mwezi huohuo si mamoja.

Hatua ya 6: Jikoni

Hapa ndipo mabegi yanapojaa, na hapa ndipo mama huwa na usemi. Sinia kubwa la kulia watu wanane limesimamishwa ukutani, linang'aa.

"Mwanangu, na hili?"

"Mama, kule tutakula wawili."

"Na wageni je?"

Mwambie wageni wa huko hupiga simu wiki nzima kabla ya kuja, na huletewa chakula kila mtu sahani yake. Sinia libaki. Utalikuta Idi.

Vinavyostahili nafasi ni vile vidogo vya kazi ya kwetu ambavyo maduka yao hayana: chuma cha vitumbua, kifumbu cha kuchujia tui, kawa moja au mbili (nyepesi, tena zinapendeza ukutani), mwiko mzuri, chetezo. Mbuzi ya kukunia nazi inagombaniwa. Ni ubao wenye chuma chenye meno, haikunjiki na ni lazima iende begi la kupakia kwa sababu ya ncha yake. Tui la kopo na nazi iliyokunwa ya kugandishwa zinapatikana maduka ya Waasia karibu kila mji mkubwa. Ningeiacha safari ya kwanza, nikaitia kwenye kasha la meli kama kweli mtu hawezi kuishi bila wali wa nazi ya kukuna. Kinu na mchi visitajwe.

Viungo vikavu vibebe: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari ya pilau uliyosagiwa na mtu unayemjua. Vitie kwenye mikebe au chupa za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha, ubandike karatasi yenye jina la kitu kwa Kiingereza au lugha ya huko. Unga usio na jina ndani ya begi humfanya ofisa akuulize maswali mengi. Tusisahau pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo usifungie vitu humo.

Umoja wa Ulaya una sheria kali za chakula kinachotoka nje. Nyama na maziwa ya aina yoyote haviingii, na samli imo humo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki, wakiwamo wakavu, hadi kilo 20, kwa hiyo ng'onda anaweza kusafiri akifungwa vizuri asinukie ndege nzima. Papa mkavu muache: katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022 jamii nzima ya papa walio wengi katika bahari yetu iliingizwa kwenye orodha ya wanaohitaji kibali, na hakuna ofisa atakayekaa kukuuliza huyu ni papa gani.

Matunda yanaumiza roho. Bila cheti cha afya ya mimea, matunda yanayoruhusiwa kuingia Ulaya mkononi mwa msafiri ni matano tu: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Embe halimo. Ngowe la Lamu, hata likiwa limeiva vipi, litaishia pipa la taka la uwanja wa ndege. Mle mkiwa nyumbani. Nazi kavu chache, kwa upande mwingine, zinapita bila shida.

Zawadi ya wakwe: korosho za pwani, chai ya Kericho, kikoi. Mama mkwe wa Kiitaliano ukimpelekea kahawa ya Kenya mpelekee nzuri, na usitoe maoni juu ya namna anavyoipika.

Hatua ya 7: Udi, manukato na hina

Mafuta mazito ya udi na manukato ya chupa ndogo chukua, lakini kanuni za ndege hutaka vipodozi na manukato kwa jumla yasizidi lita 2, na kila chupa isizidi nusu lita. Ya mkononi yawe chupa zisizozidi mililita 100. Vipande vya udi na ubani ni vikavu, havina tatizo. Makaa ndiyo marufuku: makaa ya kufukizia, hasa yale madogo yanayojiwasha, hayapandi ndege. Utanunua huko kwenye maduka ya Waarabu, au uchukue chetezo cha umeme, ambacho pia hakitaliamsha lile duara la darini. Ujerumani vidude vya kuhisi moshi ni lazima katika nyumba za kuishi. Fukiza dirisha likiwa wazi, kidogo kidogo, na majirani wa juu wataacha kubisha hodi.

Singo na liwa vitie begi la kupakia, vikiwa na jina. Hina ya unga halisi ibebe. Piko acha. Piko nyeusi huwa na PPD, dawa ya kupaka nywele ambayo huchoma ngozi za watu wengi, na sheria za Ulaya zinaiwekea mpaka kwenye rangi za nywele na kuikataza juu ya ngozi. Pakwa maua yako hapahapa kabla ya kuondoka. Kikuba na asumini mbichi navyo ni mimea hai, haviingii bila cheti. Vitumie siku ya kuagwa.

Hatua ya 8: Vya hatari

Miraa: Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na imekatazwa Marekani, Ujerumani, Italia na Falme za Kiarabu. Mtu akikuomba umpelekee jamaa yake "kamzigo kadogo", mwambie begi limejaa. Jibu hilohilo kwa kila bahasha iliyofungwa usiyoijua.

Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli ni kesi Falme za Kiarabu zisipokuwa na idhini. Dawa zako ziwe kwenye pakiti zake, na barua ya daktari.

Bangili ya pembe ya bibi, kitana cha gamba la kasa, matumbawe: hivi vyote visiondoke, hata kama ni urithi wa miaka mia. Pembe na kasa vinalindwa na sheria za hapa na za kimataifa, na forodhani hakuna anayesikiliza habari za bibi. Vitu vya kale navyo vina sheria, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale na hakitoki bila kibali, na mlango wa nakshi wa kabla ya 1946 ni hivyohivyo. Ukitaka kwenda na kijikasha cha nyumbani usichokijua umri, anzia Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, waulize. Kasha jipya la fundi wa leo halina tabu hiyo, ila mbao zetu zilizozoea unyevu wa bahari hupasuka kwenye nyumba zinazopashwa joto.

Hatua ya 9: Pima, kisha pima tena

Lamu mzigo hupunguzwa na njia yenyewe. Kutoka mtaani ni punda au hamali hadi gatini, kisha boti hadi Manda kwa ndege au Mokowe kwa basi. Ndege ndogo za kwenda Wilson, Nairobi, mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini, wakati ndege kubwa ya kimataifa inakupa kilo 23 au 30. Kwa hiyo anayetoka Lamu na mzigo kamili aidha alipie ziada, au atangulize begi kwa basi hadi Mombasa siku mbili kabla. Wa Malindi anapumua kidogo: Mombasa ni kilomita kama 120 za lami. Begi lolote lisizidi kilo 32, hata ukilipia.

Mizani ya kunyanyulia begi mkononi ni ya bei ndogo, nunua. Weka mabegi wazi chumbani siku saba kabla; kila kinachotiwa na mtu mwingine kitolewe, kipimwe, kijadiliwe.

Kwa mzigo wa kutuma, ndege hulipisha kwa nafasi, si kwa uzito peke yake. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni 96,000, ukigawanya ni kilo 16, hata ukilijaza mito. Kasha la nakshi la 90 kwa 50 kwa 50 ni kilo 37 na nusu likiwa tupu. Ndiyo maana makasha huenda kwa meli kutoka Kilindini, ndani ya kontena la kuchangia, nayo hufika baada ya wiki nyingi. Hesabu ukiikumbuka ile miezi 4 ya forodha ya Ulaya.

Hatua ya 10: Kinachobaki

Chumba chako kisivunjwe. Mama abaki na kabati moja lenye ufunguo, na daftari la vilivyomo: masinia, dhahabu, gauni, vitabu vya madrasa. Ukiwa na fungu katika nyumba au shamba la familia, mwachie unayemwamini hati ya uwakilishi iliyotengenezwa na wakili, isiyompa ruhusa ya kuuza. Laini yako ya Safaricom ibaki hai; M-Pesa, eCitizen na benki zote hutuma namba za siri hapo, na laini iliyofungwa kwa kutotumika ni kazi ngumu kuifufua ukiwa ng'ambo. Mwombe mdogo wako aitie salio mara kwa mara.

Orodha ya kasha la meli iandike nakala tatu kwa lugha ya nchi unayokwenda: kitu, idadi, kipya au kilichotumika, thamani. Moja iende na kasha, moja uwe nayo, moja ibaki kwa kaka aliyelipeleka bandarini. Siku kasha litakapofika, forodha itataka orodha hiyo, cheti cha ndoa, na ushahidi kwamba ulikuwa ukiishi Kenya kwa miezi 12. Vilivyoingia kwa msamaha visiuzwe wala kuazimwa kwa mtu kwa muda wa miezi 12. Ukifanya hivyo, ushuru unadaiwa.